Deni la Dawa

Dirisha namba tatu, zahanati ya Mikindani.
Saa moja kasoro, na foleni imenitangulia.
Natikisa kopo la fenobabitoni:
linalia kama kayamba lililovuja mbegu.
Vidonge kumi na vinne. Navihesabu tena,
kama mtu ahesabuye nauli akijua haitoshi.

Kadzo wa Chaani kaja na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Mwanawe Ngumbao ana miaka tisa,
hajaanguka tangu mvua za mwaka jana,
na sasa anaandika jina lake lote bila kuruka herufi.
"Iko?" ananiuliza.
Neno dogo hilo, na siku nzima nalisikia.

Bohari wanasema iko njiani.
Nikiinua macho naona makontena,
ghorofa tano, mekundu na ya buluu,
na winchi za Kilindini zimesimama shingo juu.
Matairi yanapita hapa. Mitumba inapita.
Vigae vya vyoo vya watu wa Kampala vinapita.
Mji mzima ni mlango,
nami sijui "njiani" ni wapi.

Zamani nilikuwa na muhuri: HAKUNA,
wino wa zambarau.
Nilikuwa naugonga, mtu anaondoka na karatasi yake
kama aliyepewa kitu.
Mzee Mwidau alipata mihuri mitatu ya dawa ya presha.
Mara ya nne alikuja bintiye,
hakuja kuchukua dawa, alikuja kurudisha kadi.
Jioni ile niliutupa muhuri kwenye pipa,
nikapita dukani kwa Abdulrabi, nikanunua daftari
kama lake la wakopaji wa unga na mafuta.
Lake lina majina ya anaowadai.
Langu nimeligeuza:
ni majina ya wanaotudai.

*Ngumbao, Chaani. Kifafa. Thelathini.*
*Bi Mwanakheri, Mtongwe. Insulini, chupa mbili.
Hana friji, ana mtungi wa mchanga na maji.*
*Nyambu fundi wa kulehemu. Pampu ya pumu.
Aliondoka akicheka. Mpigie huyu kwanza.*

Basi napiga.
Port Reitz hawana.
Kongowea wanayo, kwa bei ya mbuzi.
Likoni, Mishi ana makopo mawili, ila yeye naye
ana watu wake, nami ninazo chupa za sindano anazozitaka.
Twapatana kama wanawake wa sokoni:
nipe hiki, chukua kile, andika, tusije tukasahauliana.
Nitavuka feri nikitoka kazini,
chupa ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu.

Kwa Kadzo nahesabu saba.
Saba zilizobaki ni za mtoto mwingine,
ambaye mamake hajafika bado.
"Sikiza mama. Usimkatie nusu ili zifike mbali.
Usimwachishe ghafla, kifafa hakisamehe pengo.
Kimoja kila usiku. Akianguka mlaze ubavu,
usimtie kijiko mdomoni, mlete hata usiku wa manane,
na foleni usiiulize.
Alhamisi nitakupigia, iwe imekuja, isiwe imekuja."
Ananitazama pale kwenye isiwe.
Anavifunga vidonge kwenye ncha ya leso,
fundo moja, halafu la pili.

Wamesema wahenga, dawa ya deni kulipa.
Deni la dawa, je? Hapo walinyamaza.

Alhamisi, saa kumi na moja, nimekaa juu ya boksi tupu.
Kopo la Mishi limenipa kumi na nane,
na kwenye daftari thelathini haijafutika,
nimeandika tu kando yake: *bado kumi na mbili*, saba zile nazo nimezifyeka.
Nyambu hajashika simu tangu juzi.
Namba ya Kadzo inaita, inaita.
Anapokea, hasemi kitu, anangoja niseme mimi.
Nyuma yake mtoto anasoma kwa sauti,
anakwama kwenye neno, analirudia,
anakwama,
analirudia.